Takataka Zetu Katika Mirihi

Tarehe 19 Aprili 2022 helikopta ndogo ya Wamarekani isiyo na rubani, Ingenuity, yenye uzito wa kilo 1.8, ilipiga picha katika sayari ya Mirihi. Zilionyesha parachuti na ganda lililovunjika: mabaki ya chombo kilichoifikisha huko mwaka 2021. Wahandisi walizihitaji, sawa. Lakini mgeni akiacha uchafu katika uwanja usio na mwenyewe, amemkosea nani? "Hakuna," watasema wengi. Mimi nasema amemkosea atakayefuata kutafuta dalili za uhai, asiweze kuzitofautisha na vijidudu tulivyovipeleka sisi. Mkataba wa anga wa mwaka 1967 unayaagiza mataifa yaepuke uchafuzi wa namna hiyo, wala haukungoja kwanza mwenyeji aonekane. Helikopta yenyewe ilivunjika pangaboi Januari 2024, nayo imebaki palepale mchangani.