Je, Ni Vizuri Kuchezea Woga?

Ikifika mwisho wa Oktoba, vijana wa Kampala wanaanza kuulizana watavaa nini. Baa na kumbi za starehe zinatangaza usiku wa Halowini, na simu zinajaa picha za watu waliopakwa damu ya rangi. Vijana ninaofanya nao kazi, wengi wao kutoka Kongo, Burundi, Sudan Kusini na Somalia, hawana pesa ya kuingia huko. Kwa hiyo waliomba kitu kidogo: tufanye usiku wa kutishana nyumbani, na wadogo zao wawemo. Ombi lilikuwa dogo, lakini mabishano yake yalikuwa makubwa, na naona yanastahili kuandikwa. Swali lenyewe halihusu vinyago. Je, ni vizuri kuchezea woga mbele ya mtoto ambaye alishatishwa kweli?

Pingamizi la kwanza lilikuwa la dini. Ati Halowini ni sikukuu ya shetani. Hapo sitakaa sana. Jina lenyewe maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, ambao Wakatoliki huwaadhimisha tarehe 1 Novemba, na kesho yake huwaombea marehemu. Desturi za kujificha sura na kuwasha taa zilitoka Ireland, ambako walichonga tanipu. Maboga yalikuja walipofika Marekani. Sisi pia tuna siku ya kuwakumbuka waliokufa. Kongo ni tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, ambapo watu huamkia makaburini kufyeka nyasi. Lakini mzazi ambaye imani yake inamkataza, abaki na mtoto wake nyumbani, na mtu asimwite mshamba. Hilo ni la heshima tu.

Pingamizi la pili ndilo lililonigusa. Mama mmoja alisema: "Mwanangu, sisi tulikimbia vitu vya kuogopesha. Sasa nyinyi munavitafuta, na munavinunua?"

Maneno hayo ni mazito. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hapa Kampala unaona jambo hilo kila wiki. Pikipiki inapiga mlipuko barabarani, mtoto wa jirani anacheka, na mtoto wetu ameshalala chini, mikono kichwani. Yupo aliyeikimbia Goma Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, na yupo aliyeikimbia Januari 2025 mji ulipotekwa. Kwa mtoto huyo, giza na kelele si mchezo. Ni kumbukumbu. Ukimtisha, humpi kitu kipya, unamrudishia cha zamani. Mama ana haki ya kuuliza.

Lakini nikilifuata wazo lake mpaka mwisho, naona linatupeleka mahali ambapo yeye mwenyewe hataki kwenda. Kama mtoto aliyeona vita haruhusiwi kuogopa kwa mchezo, basi hata hadithi za bibi tuzizime. Kwani hadithi zetu zilikuwa na nini? Zimwi linalokula watoto, fisi anayeoa msichana, msitu usio na njia. Na zilisimuliwa usiku, si mchana. Mchana ulikuwa wa kazi. Watoto waliogopa mpaka wakashikana nguo, kisha wakasema: bibi, rudia. Bibi yule hakuwa mkatili. Alijua kitu ambacho sisi tunakisahau, kwamba mtoto anajifunza ushujaa kidogo kidogo, akiwa amekaa karibu na mtu anayemwamini.

Basi tofauti iko wapi kati ya zimwi la bibi na mtu mwenye bunduki? Wengine watasema moja ni uongo na la pili ni kweli. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu mwili haujui uongo. Moyo unaenda mbio vilevile, jasho linatoka vilevile. Mimi naona tofauti iko katika ufunguo. Katika hadithi, mtoto anaweza kusema "basi" na zimwi linakufa hapo hapo. Usiku wa vita, hata ukisema basi mara mia, hakuna anayekusikia. Woga wa mchezo una mlango, na mlango unafunguliwa kutoka ndani. Woga wa kweli umefungwa kutoka nje, na mwenye ufunguo ni mtu mwingine.

Kwa hiyo kosa la mtu anayetisha wengine halipimwi kwa ukubwa wa woga. Linapimwa kwa kuuliza: nani anashika ufunguo? Mkubwa anayemrukia mtoto gizani bila kumwambia, halafu akacheka anapolia, amefanya jambo baya hata kama alivaa shuka tu. Na msichana wa miaka kumi na mbili anayeomba hadithi ya kutisha kabisa, akijua anaweza kuikata, hajaonewa.

Ukilichukua wazo hilo, mipango ya usiku ule inakuwa rahisi, kwa sababu kila kitu unakipima hapo.

Mlango usigongwe. Watoto wa Marekani wanazunguka nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Kwetu, mlango unaogongwa usiku una maana nyingine, na kuna watu wazima ambao mpaka leo hawaufungui. Tena huku Buganda watu wanazungumza juu ya abasezi, wachezaji wa usiku ambao inasemekana hula maiti. Kijana anayetembea gizani amejifunika uso anaweza kudhaniwa musezi au mwizi, na kundi la watu lenye hasira haliulizi maswali. Mchezo ubaki ndani.

Majirani waambiwe. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja, muzigo kama wanavyosema hapa, na ukuta ni mwembamba. Kelele ya furaha ya mtoto wako ni kelele ya hatari kwa mzee wa chumba cha pili, na yeye hakukubali kucheza. Mwambie mapema, na mwenyekiti wa LC1 pia.

Taa isizimwe ghafla. Umeme wa Kampala unakatika wenyewe, hautuhitaji sisi. Mtoto mmoja apewe tochi, awe mwenye taa, na akiiwasha kila kitu kinasimama. Mishumaa hapana, chumba kina pazia, godoro na watoto kumi.

Boga lipikwe. Kuchonga chakula na kukitupa, wakati jirani amelala na njaa, ni jambo ambalo hakuna sikukuu inayolihalalisha. Tulipike, tule na kabalagala na karanga, kisha hadithi zianze.

Na vinyago: hakuna askari, hakuna bunduki, hakuna panga. Hilo kila mtu alikubali haraka. Lililokuwa gumu ni uso wenye kovu. Madukani, kinyago cha kutisha mara nyingi ni uso ulioungua, jicho lililotoka, mkono uliokatika. Sasa angalieni jamii yetu. Kati yetu wapo wenye uso ulioungua kweli, na mkono uliokatwa kweli. Tukimfundisha mtoto kwamba sura hiyo ndiyo sura ya zimwi, kesho atamkimbia shangazi yake. Vijana walibishana, mwishowe wakaona wenyewe: zimwi letu liwe na masikio ya fisi, miguu ya kuku, meno ya mahindi. Liwe kitu ambacho hakifanani na mtu yeyote aliyeumia.

Kuna pingamizi la mwisho, na ni zuri. Mtu anaweza kusema: mtoto hatasema "basi," ataona aibu mbele ya wenzake. Ni kweli. Ufunguo usioweza kuutumia si ufunguo. Ndiyo maana taa ni bora kuliko neno, na ndiyo maana kila mtoto aulizwe peke yake kabla ya siku yenyewe, bila wenzake. Awepo pia mkubwa ambaye kazi yake si kutisha, bali kukaa karibu na mlango ulio wazi na kumpokea anayetoka. Hata hivyo tunaweza kukosea. Lakini tunaweza kukosea pia kwa kumfungia mtoto kila kitu, mpaka asijue kwamba kuna woga unaokwisha.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina neno moja. Mnatujali, tunawashukuru. Ila mara nyingine mnamwangalia mtoto mkimbizi kama glasi iliyopasuka, ya kubebwa kwa mikono miwili. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 31, unasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haukuandika kwamba mtoto wa vita acheze michezo ya upole tu. Msituulize tu kama mchezo ni salama. Waulizeni watoto kama wanautaka, na msikilize jibu, hata likiwa hapana.

Na kwa wazazi wanaosema hakuna haja ya haya yote, nakumbusha usiku wa kuamkia 1 Januari 2023. Watu walijaa Freedom City, hapa Kampala kwenye barabara ya Entebbe, kuangalia fataki. Walipokanyagana, walikufa watu wasiopungua tisa, na watoto walikuwemo. Vijana wataifuata furaha popote ilipo. Bora waikute ndani ya nyumba, karibu na mtu anayewajua kwa majina, na tochi ikiwa mkononi mwa mtoto.