Manukato Yasiyonunuliwa

Mpwa wangu alinikuta Mnazi Mmoja baada ya swala ya alasiri, ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. "Shikamoo mjomba," akasema, kisha akanyamaza. Ilikuwa taarifa ya miamala ya simu yake. Niliisoma palepale nimesimama. Malipo saba ya Lipa Namba ndani ya siku kumi na moja: mawili kwa maduka tofauti ya manukato, moja kwa wauza vifaa vya umeme, mawili kwa wasafirishaji wa mizigo, moja kwa saluni, na la mwisho kwa jina la mtu tu. Jumla shilingi 1,870,000. Kijana ana miaka 24, anauza viatu vya jumla kwenye duka la mama mmoja Mtaa wa Kongo, na mshahara wake naujua. Nikamuuliza manukato yenyewe yako wapi.

"Si manukato, mjomba. Ni kasino."

Ameniruhusu nisimulie, mradi nisimtaje jina. Nami kampuni zilizohusika na mkasa wake sizitaji.

Kamari Kariakoo si mgeni. Karata tatu tumeziona tangu utoto: mmoja anachanganya, wapambe wawili watatu wanajifanya wameshinda, na katikati yao amesimama mtu wa mkoani mwenye pesa ya mzigo kwenye soksi. Uovu wake unajulikana. Lakini mcheza karata tatu ana sura na ana kona anayokaa, na aliyeliwa akirudi na kaka zake huenda akamkuta. Huyu aliyemla mpwa wangu hakuwa na kona.

Mambo yalianzia kwenye kikundi cha Telegram. Kubeti alikuwa amezoea, mikeka ya elfu moja moja kwenye kampuni zenye leseni amechana mingi. Humo kikundini akaambiwa iko kasino ya nje inayolipa zaidi kwa sababu haina makato ya serikali. Akatumiwa Lipa Namba kwa WhatsApp. Akaweka elfu 20, zikawa elfu 90, akaomba elfu 50 na zikaingia kweli kwenye simu. Hiyo elfu 50 ndiyo iliyomfunga. Tangu hapo kila alipotaka kuweka pesa alipewa namba mpya yenye jina jipya, na agizo moja lisilobadilika: ukiulizwa, sema umenunua bidhaa.

Siku ya kumi salio kwenye kioo cha simu lilisoma 4,300,000. Akaomba kutoa. Wakamjibu alipe kwanza "kodi" ya 650,000 ndipo fedha zifunguliwe. Hakuwa nazo. Zilikuwepo kwenye droo ya dukani, mauzo ya Jumamosi, na funguo za droo alikuwa nazo yeye. Alipomaliza kulipa, ujumbe wake wa WhatsApp ulibaki na tiki moja.

Hapa naomba nikae kidogo kwenye yale majina, maana madhara yote yamejificha humo. Katika malipo ya kadi, kila mfanyabiashara hupewa namba ya tarakimu nne inayotaja aina ya biashara yake, na ya kamari ni 7995. Benki ikiiona inaweza kukataa muamala. Kwa hiyo kasino isiyotaka kukataliwa hujificha nyuma ya namba ya muuza nguo au muuza programu za kompyuta. Ujanja huu una umri. Aprili 15, 2011 waendesha mashtaka wa Marekani, mjini New York, walifungua mashtaka dhidi ya wakuu wa PokerStars, Full Tilt Poker na Absolute Poker, kampuni za poka zilizoendeshwa kutoka nje ya nchi hiyo. Mashtaka yalieleza kwamba fedha za wachezaji zilipitishwa benki kama malipo ya vito na mipira ya gofu kwa maduka ambayo hayakuwepo. Full Tilt ikaonekana inadaiwa na wachezaji duniani kote kiasi cha dola milioni 390, na benki ina kama milioni 60 tu. Wachezaji wa Marekani walianza kurudishiwa Februari 2014, karibu miaka mitatu baadaye, na walilipwa kwa sababu serikali yao ilikuwa na nguvu ya kukamata mali za kampuni hizo na kuwafikisha watu mahakamani. Kijana wa Mtaa wa Kongo peke yake hana nguvu hiyo.

Lipa Namba inaingizwa kwenye ujanja uleule. Mtu anasajili biashara ya jina, au mwenye duka la kweli anaazimisha namba yake kwa kamisheni. Wengi hudhani jina la uongo limewekwa ili kuidanganya benki au kampuni ya simu. Mimi nasema anayeumizwa kwanza ni mlipaji mwenyewe. Siku anayotoa pesa kwa jina la manukato ndiyo siku anayompoteza shahidi wake.

Niliona jambo hilo kwa macho yangu, maana Jumatatu nilimsindikiza kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Kabla sijamshauri lolote alikwishafika dirishani na kusema aliagiza manukato hayakuletwa. Dada wa dirishani alimsikiliza kwa upole. "Manukato gani, kaka? Yalitakiwa yaletwe wapi? Nioneshe ujumbe wa oda." Hakuwa na oda. Dada akamweleza kwamba malipo yalikamilika, kwamba jina la mpokeaji lilitokea kabla hajaweka namba ya siri, na kwamba aliliona akathibitisha. Kila neno lilikuwa kweli. Tukatoka, na nyuma yetu ukabaki uongo wake umeandikwa kwenye kumbukumbu za malalamiko, utakaosomwa na kila atakayelishika shauri hili baadaye.

Usiku ule akapigiwa simu na mtu aliyejiita mtaalamu wa kurudisha fedha zilizotapeliwa. Alizijua tarehe na viwango vyote saba. Alitaka 150,000 za kufungulia faili. Mpwa wangu alikuwa ameshaanza kuulizia mkopo. Nani mwingine angezijua tarehe zile kama si wenye kasino wenyewe? Namba yake tuliituma 15040, inakopelekwa jumbe za matapeli, tukaizuia.

Nikampeleka kwa mwanasheria tunayefahamiana. Alitueleza bila kutupaka mafuta. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeunda Bodi ya kusimamia michezo hiyo, na Bodi inaweza kumbana aliyepewa leseni. Hapa hakuna mwenye leseni wa kubanwa. Chini ya ukurasa wa kasino lilitajwa jina la Curaçao, kisiwa cha bahari ya Karibi, ambako kwa miaka mingi wenye leseni kuu wachache waliwagawia wengine leseni ndogondogo, mpaka sheria mpya ilipoanza kutumika Desemba 2024. Tena Sheria yetu ya Mikataba inayahesabu makubaliano ya kupingiana fedha kuwa batili. Ukienda kudai zile 4,300,000 za kwenye kioo huna pa kushika, na huenda hazikuwahi kuwepo.

Kilichobaki ni zile alizotoa mfukoni. Dai lake lilikuwa hili: nimelipa watu waliojiandikisha kuuza manukato, nao wanakusanya fedha za kamari isiyo na leseni, kisha wamenitoza kodi ya uongo. Hilo ni suala la utapeli na la matumizi mabaya ya mfumo wa malipo, na linaweza kwenda polisi, kwa kampuni ya simu, na likikwama huko, Benki Kuu. Lakini haliwezi kusemwa bila kukiri kwamba ulicheza. Angetumia kadi, angeanzia kwenye benki iliyompa kadi, tena haraka, kwa kuwa muda wa kupinga muamala mara nyingi hauzidi siku 120.

Tulikaa jioni mbili kwangu tukipanga ushahidi: skrinshoti za kikundi, namba zote saba na majina yake, sauti ya aliyedai kodi, ile karatasi ya miamala. Tuliandika pia kwamba maelezo ya Jumatatu hayakuwa ya kweli. Aliogopa sana hapo. Nilimwambia bora aibu ya ukurasa mmoja.

Kabla ya polisi alikwenda kwa mama mwenye duka. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono, akaomba funguo.

Kituoni askari aliandika taratibu, kisha akamsomea: malipo ya kamari ya mtandaoni, yaliyopokelewa kwa jina la duka la manukato. Akamuuliza kama ndivyo. Mpwa wangu akasema ndivyo, akatia sahihi.

Kati ya namba saba, sita zilikuwa zimekombwa siku ileile ya kupokea. Ya saba ilikutwa na shilingi 86,000, zikazuiwa kusubiri uchunguzi, na hadi naandika haya bado zimezuiwa. Mama anamkata laki moja kila mwezi. Kijana anafungua duka saa moja na nusu asubuhi kama zamani, anapanga viatu, anahesabu jozi kwa wateja wa Songea na Mtwara. Mteja akitaka kulipa, anamwita mama aje na funguo za droo.