Kumkumbuka Mwalimu wa Muziki

Katika usharika mmoja niliotumikia zamani, tulimzika mwalimu wa shule aliyefundisha pia kwaya yetu. Wanafunzi wake walimwimbia, wasifu wake ukasomwa, rambirambi zikatangazwa, nami nikahubiri kwa kirefu juu ya uaminifu wake. Miezi saba baadaye nilikutana na mjane wake sokoni. Tulisalimiana, kisha akasema, "Baba Mchungaji, tangu siku ile hamjafika." Hakusema kwa hasira. Nilikosa la kujibu.

Tangu hapo najiuliza: tunaposema tutamkumbuka marehemu daima, tunaahidi nini hasa?

Swali hilo limenirudisha kwa mwalimu mwingine wa muziki, ambaye sisi Walutheri hujivunia sana, Johann Sebastian Bach. Dunia inamjua kama mtunzi mkubwa, lakini kuanzia 1723 mpaka alipofariki 1750 ajira yake ilikuwa katika shule ya Mtakatifu Thoma, mjini Leipzig, Ujerumani. Aliishi na familia yake ndani ya jengo la shule. Aliwafundisha wavulana kuimba na kuwaandaa kwa ibada za makanisa makuu ya mji, na katika miaka yake ya kwanza pale alitunga muziki mpya karibu kwa kila Jumapili. Kwenye nyingi za kazi zake aliandika herufi tatu, S.D.G., yaani utukufu ni wa Mungu peke yake.

Nyumbani alikuwa baba wa watoto 20. Mwaka 1720 alirudi kutoka safari ya kikazi akakuta mke wake, Maria Barbara, amekwisha kuzikwa. Mwaka uliofuata alimwoa Anna Magdalena, mwimbaji, aliyewalea watoto aliowakuta na kuzaa wengine. Katika watoto wote hao, kumi tu ndio waliofikia utu uzima. Hata hivyo, katika barua ya 1730 aliyolalamikia kipato na wakuu wake, Bach alieleza kwa furaha kwamba familia yake yenyewe ilitosha kuimba na kupiga vyombo pamoja.

Mtu wa namna hii alikumbukwaje? Juni 1749, yeye akiwa bado hai, mji ulimfanyia usaili mtu wa kushika nafasi yake. Alipofariki, mjane alipewa mshahara wa nusu mwaka, kama ilivyokuwa desturi, kisha akalazimika kuondoka katika nyumba ya shule. Baadhi ya wana wa Bach walikuwa na kazi nzuri za muziki. Lakini Anna Magdalena alifariki 1760 akiishi kwa sadaka za maskini, katika mji uleule ambao mumewe aliutumikia miaka 27. Katikati ya karne ya ishirini mifupa inayoaminika kuwa ya Bach ilihamishiwa ndani ya Kanisa la Mtakatifu Thoma. Heshima hiyo ni njema, lakini haikumfikia mjane.

Tusiwahukumu watu wa Leipzig haraka. Yawezekana kila mmoja alidhani mwingine analishughulikia: wakuu wa mji waliwategemea wana, na wana waliutegemea mji. Nasi hufanya vivyo hivyo. Usharika husema ukoo upo, ukoo husema ana mafao yake, na mjane hubaki katikati.

Maandiko yana namna nyingine ya kukumbuka. Mungu alipomkumbuka Nuhu, alileta upepo na maji yakapungua. Alipomkumbuka Hana, mwanamke yule alipata mtoto. Mhalifu msalabani aliomba akumbukwe tu, akapewa Paradiso siku ileile. Mungu anapokumbuka, kuna jambo linatendeka. Ndiyo maana Yakobo, akieleza dini iliyo safi, hataji hotuba. Anataja kuwaendea yatima na wajane katika dhiki yao.

Mtu anaweza kuuliza: usharika wenye deni la paa utawatunza wajane wangapi? Ni swali la haki. Nami siwezi kusema maneno ya msibani ni bure, kwa maana nimeona yakiwafuta watu machozi. Lakini nilijifunza jambo siku nilipokwenda hatimaye kwa mama yule, pamoja na mzee wa kanisa. Hakuomba fedha. Cheti chao cha ndoa kilikuwa kimepotea, na bila uthibitisho madai ya mafao ya mumewe yalikuwa yamekwama. Ndoa ile ilifungwa kanisani kwetu. Kumbukumbu zake zilikuwa katika daftari, ndani ya kabati la ofisi yangu, miezi yote saba. Kuandika barua kulinichukua chini ya saa moja.

Hatuwatembelei wajane ili tuhesabiwe haki. Tumekwisha kukumbukwa na Kristo, bure, na aliyekumbukwa hivyo anao muda wa kubisha hodi kwa mwenzake. Basi, mpendwa msomaji, mfikirie mwalimu mmoja uliyemzika na kumsifu. Nyumba yake unaijua. Wiki hii nenda, keti, uliza wanaendeleaje, na usikilize mpaka mwisho.