Kunguni na Mlango wa Shangazi

Mtu akitoka Mahama ao Kiziba kuja Kigali kwa ajili ya hospitali, intavyu ao karatasi, mara nyingi kuna usiku ambao hana pa kulala. Wengi tunaishia chumba cha kuchangia karibu na Nyabugogo, vitanda vinne ao sita, kila mtu na pesa yake. Kesho yake unapanda Kimisagara kwa shangazi, begi mkononi. Sasa, kama ulikolala kulikuwa na kunguni, unamwambia shangazi ao unanyamaza?

Wanaonyamaza siyo wajinga. Mkimbizi ana majina ya kutosha tayari. Ukitamka neno kunguni, unaogopa kusikia "ndiyo hao wa kambini", na hapo aibu siyo yako peke yako, umewabebesha na wenzako wote.

Lakini mdudu huyu hajui kambi ni nini. Hana mabawa, haruki, na uchafu siyo chakula chake. Anafuata damu, joto la mwili na pumzi yetu ya usiku. Mwaka 2023 Paris nzima ilikuwa inamwongelea, hadi mawaziri wakaitisha vikao. Na huko huko mtangazaji mmoja wa televisheni akauliza kama siyo wahamiaji waliomleta! Kwa hiyo kusingiziwa kutakuwepo, useme usiseme.

Hasara ya shangazi ni kitu kingine. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, amejificha kwenye mshono wa godoro na nyufa za kitanda. Dawa nyingi za dukani amezizoea. Ukinyamaza umeokoa aibu ya dakika tano, yeye unamwachia miezi ya kujikuna na labda godoro la kutupa. Na hukumpa nafasi ya kuchagua. Ukisema ukiwa bado nje, kazi ni ndogo: begi linabaki uani, nguo zinaingia kwenye maji ya moto kabisa (nyuzi 50 na zaidi zinamuua, na mayai yake pia). Mifuko ya plastiki Rwanda ilikatazwa tangu 2008, basi ndoo yenye kifuniko inatosha.

Mimi nasema useme. Ila nakasirika tukidaiwa ukweli sisi tu. Mwenye loji anajua kilichomo kwenye magodoro yake na anapokea pesa kimya. Deni lake ni kubwa kuliko la msafiri wa usiku mmoja. Na nyinyi mnaofanya kazi na sisi, mnaotuita mjini saa mbili asubuhi, mnajua tunalala wapi usiku wa kuamkia siku hiyo?

Na shangazi akikataa kukupokea? Ana haki, bwana. Nyumba ni yake, watoto ni wake. Utarudi Nyabugogo usiku wa pili, na utalipa tena.