Doa la Mafuta katika Kiti cha Ngozi



Mwenye gari la viti vya ngozi ajua taabu ya doa la mafuta. Mtoto huangusha sambusa, abiria huegemeza kichwa kilichopakwa mafuta ya nazi, na baada ya miezi michache mahali pale huwa peusi. Hapo wengi hukimbilia petroli, au magadi na maji ya moto, wakasugua kwa nguvu. Doa huenda likatoka kweli. Lakini rangi nayo hutoka, na kiti kikipigwa na jua huanza kupasuka.

Sababu yake ni hii. Ngozi ikiisha kutiwa dawa kiwandani, iwe ya kromiamu au ya magome ya miti kama mikoko na miwati, hutiwa pia mafuta ili nyuzi zake zisikauke na kushikana. Yaani ngozi njema ina mafuta yake yenyewe ndani. Petroli haibagui, huondoa ya sambusa na ya ngozi pamoja. Magadi nayo huidhuru, maana ngozi hupenda uchachu kidogo, na magadi huuvunja. (Nabii Yeremia, 2:22, aliyataja magadi pamoja na sabuni, akasema hayawezi kuuondoa uovu wa watu wake. Kumbe hata juu ya viti yana mipaka.)

Ifaayo ni njia ya upole. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Gusagusa doa kwa kitambaa kikavu, usisugue. Nyunyiza wanga wa mahindi au poda, uache usiku kucha. Unga hunyonya mafuta polepole. Asubuhi ukung'ute kwa brashi laini. Doa likibaki, rudia, hata mara tatu au nne. Kisha pangusa kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo isiyo kali, kausha kivulini, ukapake krimu ya ngozi. Doa la miaka mingi huenda lisiishe lote, nacho kiti kikafaa kukaliwa vilevile.

Sasa niseme lile lililonifanya nishike kalamu. Katika mtaa mmoja ninaoufahamu, binti wa kwaya alipata mimba, na Jumapili jina lake likasomwa mbele ya kusanyiko lote, yeye amesimama. (Kijana mwenziwe hakusomwa.) Waliofanya hivyo walikuwa na bidii kwa nyumba ya Mungu, wala siwashitaki. Walitaka doa litoke upesi. Leo binti yule haji kanisani, mama yake haji, na sauti ya kwanza ya kwaya ile imepungua. Yale mafuta mema aliyotiwa tangu ubatizo wake na kipaimara, nayo yaliondolewa pamoja na doa.

Mtakatifu Paulo, katika Wagalatia 6:1, ataka aliyekosa arejezwe kwa upole, na ataka arejezaye ajiangalie mwenyewe. Mtakatifu Petro naye alijifunza jambo hili nyumbani kwa mtu wa ngozi. Matendo 9:43 yatuambia kwamba alikaa Yafa siku nyingi kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, kazi ambayo Wayahudi waliiona kuwa ya unajisi kwa sababu ya mizoga. Darini mwa nyumba ile ndipo alipooneshwa kwamba asimwite mtu awaye yote najisi, na kesho yake akaondoka kwenda kwa Kornelio.

Kwetu hapa nako yako majina katika daftari la waliotengwa na ushirika, mengine ya miaka mingi. Naiomba halmashauri ya kanisa ipange watu wawili wawili wakawaamkie ndugu hao nyumbani kwao. Wasichukue daftari. Wanywe chai wakikaribishwa, waulize habari za watoto, na mwezi ujao waende tena.