Aliyeacha Kazi kwa Ajili ya Haki Adai Nini?

Liko swali ambalo hulala kimya katika nyumba nyingi mpaka siku ile baba arudipo saa sita mchana, na vitu vyake vya kazini mkononi. Ameacha kazi. Hakuiba wala hakufukuzwa. Aliamriwa kutia sahihi hesabu isiyo ya kweli, akakataa, akaandika barua ya kujiuzulu. Jioni mama huweka chakula na kuuliza kwa upole, "Baba Petro, na ada ya watoto je?" Majirani nao husema, "Alijitakia mwenyewe." Basi twauliza: mtu aliyeacha kazi kwa ajili ya haki, je, ana haki ya kudai cho chote? Na kama anayo, mpaka wake u wapi?

Ili tulipime swali hili, tumechagua habari za mtu mmoja wa zamani, Eduard Douwes Dekker, Mholanzi, aliyezaliwa Amsterdam mwaka 1820. Alifika Java mwaka 1839, zamani zile Waholanzi walipotawala visiwa ambavyo leo ni nchi ya Indonesia, akaanza kazi katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu. Mwaka 1841 alipokewa katika Kanisa Katoliki, akitaka kumwoa binti Mkatoliki. Lakini ndoa ile haikuwa, na baadaye aliiacha imani kabisa. Tena alikuwa mtu wa madeni, aliyezijua meza za kamari. Hatumweki basi mbele yenu kama mtakatifu. Twamweka kama mtu, maana maswali ya haki huwajia watu wenye makosa yao, wala hayangoji wakamilike.

Mwezi wa Januari mwaka 1856 aliwekwa kuwa mkuu wa wilaya ya Lebak, upande wa magharibi wa Java. Aliapa kiapo cha kazi, na ndani ya kiapo kile ilikuwamo ahadi ya kuwalinda wenyeji wasionewe. Alikuta wakulima wakitumikishwa bila ujira, na nyati wao wa kulimia mpunga wakichukuliwa bila malipo, kwa ajili ya nyumba ya mtawala mwenyeji na jamaa zake. Mwezi wa Februari alimshitaki mtawala yule kwa mkubwa wake. Mkubwa alitaka kuiona mithibati kwanza. Dekker alitaka mtawala aondolewe kwanza, akiogopa kwamba mashahidi wangetishwa. Gavana Mkuu, Duymaer van Twist, alihukumu kwamba Dekker alifanya haraka, akamkaripia na kuamuru ahamishiwe wilaya nyingine. Dekker hakukubali. Mwishoni mwa Machi aliomba kuacha kazi, akaruhusiwa. Alikuwa amekaa Lebak miezi miwili na siku chache, na katika utumishi wote miaka kumi na saba.

Uchunguzi uliofanywa nyuma yake ulionyesha kwamba uonevu ulikuwako kweli, na wakuu wadogo kadhaa wakaondolewa. Lakini yeye alikuwa nje, bila mshahara na bila pensheni, pamoja na mke na watoto.

Sasa tufike Brussels, mwaka 1859. Katika chumba cha nyumba ya wageni, kwenye baridi, mbali na mkewe na watoto wao wawili, mtu huyu aliandika kwa majuma machache kitabu kiitwacho Max Havelaar, akasimulia yaliyotendeka Lebak. Alijiita Multatuli, yaani, kwa Kilatini, nimestahimili mengi. Kabla kitabu hakijachapwa, habari zake zilifika kwa Waziri wa Makoloni, Rochussen, naye Dekker akaulizwa angetaka nini. Masharti yake yalikuwa haya: apewe cheo kikubwa zaidi katika Java, mahali ambapo angeweza kulipa madeni yake, miaka yake ya utumishi irudishwe kwa hesabu ya pensheni, apewe fedha za kutosha za kutangulizia, na apewe nishani ya heshima. Akipata hayo, kitabu kisingetoka. Waziri alikuwa tayari kumpa kazi ya heshima na faida, lakini si Java, bali katika makoloni ya Uholanzi upande wa Amerika. Dekker alikataa. Kitabu kikatoka mwaka 1860.

Hapa ndipo penye fundo la shauri letu. Wako watakaosema upesi, "Alikuwa mlafi, aliuza haki kwa nishani." Wako watakaosema, "La, alikuwa na njaa, na mwenye njaa hahukumiwi." Sisi twaona kwamba hukumu zote mbili zina haraka. Katika madai yake yamo mambo mawili mbalimbali, na mwenye haki huyatenga kama mama atengavyo mchele na mawe.

Jambo la kwanza ni ujira. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira wa haki si ule tu ambao pande mbili zimepatana. Lazima umtoshe mfanyakazi kuishi kwa kiasi, kama ipasavyo mtu. Na watoto wetu hujifunza katika katekisimu kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wake ni moja ya dhambi zimliliazo Mungu. Na pensheni ni nini, kama si ujira uliowekwa akiba? Aliyetumika miaka kumi na saba ameiweka miaka hiyo mikononi mwa mwajiri wake. Siku anapokataa kutenda dhambi, miaka ile haigeuki kuwa si kitu. Kuidai si ulafi; ni kudai mali yake. Vivyo hivyo jina jema: mtu aliyekaripiwa kwa kosa la kusema kweli aweza kudai kwamba karipio lifutwe. Katika madai haya Dekker alikuwa na haki, na kila karani, mwalimu au askari aliye katika hali kama yake anayo haki hiyo, wala asione haya kuidai mbele ya sheria.

Jambo la pili ni ukimya. Dekker alipoweka kitabu chake katika mizani, alikuwa anauza nini? Chumba kilikuwa chake, baridi ilikuwa yake, na mkono ulioandika ulikuwa wake. Lakini nyati hawakuwa wake. Machozi ya wakulima wa Lebak hayakuwa mali yake hata ayaweke rehani kwa deni lake. Wale wakulima hawakuulizwa, "Je, mwapenda habari zenu zinyamazwe, ili mtetezi wenu apate pensheni?" Kweli, aweza kujitetea kwamba akiwa na cheo kikubwa Java angewasaidia kwa matendo kuliko kwa kitabu, na kwamba kurudishwa kwake kungeonyesha wazi kwamba alikuwa na haki. Twakiri kwamba hoja hii si nyepesi. Walakini, kama ndivyo, angeomba kurudi tu. Madeni na nishani vyaingiaje? Mara mtu anapochanganya dai lake na dai la mnyonge katika fungu moja, mwenye mamlaka hulilipa lile dogo ili alizime lile kubwa. Penye udhia penyeza rupia, wasema wahenga. Na rupia hiyo mara nyingi hupenyezwa kwa mtu mwema mwenye shida.

Mwinjili Luka atuonyesha njia nyingine. Zakayo, mtoza ushuru, alipoguswa na Bwana wetu, hakuanza kwa kuhesabu hasara atakayopata yeye. Aliwafikiria kwanza wale aliowatoza kwa hila, akaahidi kuwarudishia mara nne. Huo ndio utaratibu wa haki: aliyedhulumiwa zaidi, na asiye na kalamu, hulipwa kwanza. Katika masharti yale ya Brussels, nyati mmoja wa Lebak hatajwi.

Lakini tusimwachie Dekker mzigo wote, maana wako wenye deni kubwa kuliko lake. Mtawala yule wa Lebak alikuwa na ukoo mkubwa wa kulisha na heshima ya cheo ya kutunza. Tangu mwaka 1830 serikali ilikuwa imewalazimisha wakulima wa Java kutenga sehemu ya mashamba yao kwa mazao ya kuuzwa Ulaya, na wakubwa, wenyeji na Waholanzi, walipata fungu lao kadiri ya mazao hayo. Lebak ilikuwa nchi maskini, na fungu lilikuwa dogo. Mkono mtupu haulambwi: kama mapato hayatoshi, cheo kitajilisha chenyewe kwa wanyonge. Serikali ilijua, ikafumba macho, maana kufumba macho ni rahisi kuliko kulipa. Basi mshahara wa mtumishi ukawa na sehemu mbili: moja ya fedha, na nyingine ya ruhusa ya kimya ya kunyang'anya. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuhitaji kwenda Java kulijua hilo. Wazee wa kusini mwa Tanzania walisimulia jinsi pamba ya lazima ilivyosimamiwa na maakida na majumbe, na jinsi uchungu ule ulivyozaa Vita vya Maji Maji mwaka 1905.

Tena serikali ile ilikuwa na kosa la pili. Ilipomwacha mtu mkweli aende bila pensheni, iliwafundisha watumishi wake wengine wote somo moja: anyamazaye hula. Mwajiri amwachaye mkweli afe njaa, yeye ndiye wa kwanza kuweka ukweli sokoni. Asistaajabu basi mtu mwenyewe akija siku moja kutaja bei.

Na sisi Wakristo tujitazame. Mwenzetu anapoacha kazi kwa sababu amekataa rushwa, je, twamtembelea? Au twamsifu siku ya Dominika mlangoni pa kanisa, na Jumatatu twamdai deni la dukani? Dhamiri ya mtu mmoja husimama vizuri zaidi ikiwa jamaa na jumuiya wamesimama nyuma yake na debe la unga. Je, katekista wetu, mpishi wa parokia, msichana atutumikiaye nyumbani, walipwa kiasi cha kuwatosha, na kwa wakati wake? Kama hawalipwi, hatuna kinywa cha kuihukumu serikali ya Uholanzi.

Mwisho wa habari hii una fundisho lake. Pensheni, nishani na Java, Dekker hakuvipata. Alifariki Ujerumani mwaka 1887. Lakini kitabu, kwa kuwa hakikununuliwa, kilisomwa. Waholanzi wakaanza kuona aibu, na kuanzia mwaka 1870 utaratibu ule wa kilimo cha lazima ukaanza kuvunjwa kwa sheria, hatua kwa hatua. Laiti waziri angekubali masharti, mtu mmoja angalilipa madeni yake, nasi leo tusingalijua hata jina la Lebak. Faida ile kubwa ilitokana na ubahili wa waziri, wala si na uthabiti wa mwandishi peke yake. Jambo hili litutie unyenyekevu: Mungu hutumia hata mapatano yaliyoshindikana.

Basi, baba uliyerudi mchana na vitu vyako mkononi, twakuambia hivi. Dai mshahara wako wa mwezi uliofanya kazi. Dai kiinua mgongo chako, na miaka yako, na jina lako jema. Dai bila woga, na bila kuona haya mbele ya watoto wako. Lakini siku watakapokuita chumba cha pembeni, wakuahidi kukulipa vyote na zaidi, mradi zile hesabu za uongo zisitajwe tena, uwakumbuke wale ambao fedha zao zimo katika hesabu hizo. Chako ukipokee, chao huna mamlaka ya kukiuza. Na wewe mama, jioni hiyo ukiweka chakula, hata kama ni kidogo, ujue kwamba umeshiriki katika tendo la haki, na Mungu ajuaye hesabu zote ameliandika.