Sadfa na Sababu Katika Mashine Isiyoamka

Kompyuta itumiayo Linux, ambayo leo huwaka na kuonyesha skrini ya kuingilia, na kesho, bila kuguswa lolote, hubaki katika kiza kitupu kwa kuwa draiva ya michoro haikuanza kwa wakati, humtia mwenyewe katika swali kubwa kuliko mashine: je, yako mambo ulimwenguni yasiyo na sababu? Hapa Kigonsera nimesikia majibu mawili. Wako wasemao kuwa ni bahati mbaya. Na wako wengine, wacha Mungu na watu wema, wasemao kuwa ni kudra, kisha huizima, huiwasha tena, na ikiwaka hushukuru. Kushukuru ni wajibu. Walakini majibu yote mawili huifunga njia ya uchunguzi kabla haijakanyagwa.

Mfumo hujiandikia kumbukumbu zake. Amri ya journalctl -b -1 hufunua habari za uwashaji uliotangulia, na mtu akizilinganisha habari za siku ya nuru na za siku ya kiza, aghalabu huona kwamba matukio ni yale yale, ila mfuatano wake umepinduka. Zamani huduma za Linux zilianzishwa kwa zamu. Lakini systemd, programu ya kuanzisha huduma hizo iliyoletwa na Lennart Poettering na Kay Sievers mwaka 2010, huanzisha nyingi kwa pamoja ili kuokoa wakati. Basi draiva inapakiwa upande mmoja, na upande wa pili programu ya kuingilia inakitafuta kifaa cha michoro ndani ya /dev/dri. Draiva ikitangulia, japo kwa sehemu ndogo ya sekunde, skrini huwaka. Ikichelewa, programu hukuta patupu na kuanguka, na ikiisha kuanguka mara kadhaa mfumo huacha kuiinua. Tena mtu akiamuru kumbukumbu ziandikwe kwa urefu zaidi, uandishi wenyewe huweza kubadili mwendo hata kosa likajificha. Katika hayo yote hakuna tendo hata moja lililovunja kanuni.

Boethius, aliyeandika kifungoni katika karne ya 6 kabla ya kuuawa, alimfuata Aristotle akashika kwamba sadfa ni makutano ya sababu mbalimbali, kila moja ikiwa na asili yake na kusudi lake. Mfano wake ni mtu alimaye shamba akakuta dhahabu. Nasi katika milima ya Umatengo twaweza kumfikiri mkulima achimbaye ngoro, yale mashimo ya kilimo cha huko, akakuta sarafu ya wakati wa Wajerumani: mchimbaji hakukusudia sarafu, wala aliyeifukia hakumkusudia mchimbaji, na hata hivyo kila mkono ulikuwa na sababu yake. Kabla ya Boethius, Augustino alikwisha kufundisha kwamba sababu ziitwazo za bahati zipo, ila zimefichika. Hayo si mageni Kigonsera, ambako Wabenediktini walifungua misheni mwaka 1899, na ambako vijana wa seminari, Benjamin Mkapa akiwa mmojawapo, walisoma.

Basi, ikiwa sadfa ni makutano ya sababu, dawa ya kuuamuru mfumo ungoje sekunde 5 hainiridhishi, ingawa mara nyingi hufaulu, maana huongeza bahati njema bila kuiondolea bahati utawala wake. Lifaalo ni kuipakia draiva mapema, ndani ya initramfs, ule mfumo mdogo utangulizao uwashaji, au kuifunga programu ya kuingilia isianze mpaka kifaa kiwepo.

Atauliza mtu: Al-Ghazali si alikana kwamba moto huunguza pamba kwa nguvu yake wenyewe, akalirejesha tendo kwa Mungu? Naam, lakini hata yeye alikiri kwamba Mungu huendesha mambo kwa ada, na kwa ajili ya ada hiyo hatuhofu kwamba kitabu tulichokiacha nyumbani kimegeuka mnyama. Ama kwamba makutano ya jembe na sarafu nayo yamepangwa na Mwenyezi Mungu, kama Boethius alivyoamini, kumbukumbu za mashine haziwezi kulisema, nami naliamini kwa njia nyingine. Illa alitajaye jina la Mungu mahali ambapo mistari michache ya kumbukumbu ingetosha, amelifanya pazia la kutojua kwake, na hilo nalipinga, nikijua kwamba wengi wafanyao hivyo wananizidi sana kwa ucha Mungu.